Video ya aplikesheni yako inagoma App Store au Google Play? Tutafute ugonjwa kabla bando halijaisha

Wadau wa Mtwara na Lindi, hii naiandika kwa sababu kila msimu wa korosho ukikaribia napigiwa simu za aina moja. Mtu katengeneza aplikesheni yake nzuri tu, ya kufuatilia bei za mnada, ya kupiga hesabu za kilo na makato ya AMCOS (chama cha msingi cha wakulima), nyingine ya boda wa Masasi, nyingine ya kuagiza samaki Mikindani, kazi imeisha, picha za skrini zimekaa sawa, kimebaki kile kivideo cha sekunde chache kinachokaa juu kwenye ukurasa wa duka, na hapo ndo anakwama siku tatu. Anapandisha, inagoma. Anabadili kitu kimoja kwa kubahatisha, anapandisha tena, inagoma tena. Bando la wiki linaondoka kwa video ya nusu dakika, na inauma kweli, maana hela yenyewe ya bando wengi tunaijua inavyopatikana.

Tatizo mara nyingi wala sio aplikesheni. Wewe unaiangalia video unaona inacheza vizuri kwenye simu, unasema mbona nzima, lakini duka haliangalii inavyocheza, linasoma vipimo vilivyoandikwa ndani ya faili. Kwa hiyo ukishakataliwa mara moja usipandishe tena mpaka umelisoma hilo faili kama duka linavyolisoma. Hilo tu likifanyika, matatizo mengi ya hapa chini yanajulikana ndani ya dakika mbili bila kutumia hata MB moja.

Lisome faili kwanza

Pakua MediaInfo, ni ya bure, ipo ya Windows, ya Mac na ya Android pia. Fungulia video yako humo alafu chukua karatasi uandike: urefu kwa sekunde, upana na kimo kwa pikseli, idadi ya fremu kwa sekunde na kama hizo fremu zinaenda sawa au zinapanda na kushuka, kodeki ya picha (yaani namna ilivyobanwa ndani ya faili), kodeki ya sauti na ina chaneli ngapi, na ukubwa wa faili. Usikariri kichwani, andika, maana utarudi hapo mara kadhaa.

Sasa weka pembeni yake wanachotaka Apple. Urefu kuanzia sekunde 15 mpaka 30. Faili lisizidi MB 500. Kodeki H.264, au ProRes 422 HQ kwa wanaotumia Mac. Fremu zisizidi 30 kwa sekunde. Kwa H.264 wanataka profaili ya High leveli 4.0, na bitireti, yaani kiasi cha data kwa kila sekunde, iwe kati ya megabiti 10 na 12 kwa sekunde. Sauti iwe AAC ya kilobiti 256, stirio (chaneli mbili), kwenye 44.1 au 48 kHz. Mwisho wa jina la faili uwe .mov, .m4v au .mp4. Unaruhusiwa video mpaka tatu kwa kila saizi ya kifaa na kwa kila lugha, na si lazima uwe nayo hata moja. Hilo la kutokuwa lazima likumbuke kama una haraka ya kuwahi mnada wa kwanza, aplikesheni inaweza kwenda hewani bila video. Ila ujue kwa Apple kuja kuiweka baadae itabidi utume toleo jipya.

Google Play wenyewe hawapokei faili kabisa, wanataka linki ya YouTube. Kwa hiyo magonjwa yake ni mengine na nitayafikia chini.

Inakataliwa papo hapo, wanasema vipimo sio sahihi

Hii ndo ya kwanza kwa wengi. Umetoa video CapCut kwenye 1080 kwa 1920 maana ndo kipimo cha video za simu tulichokizoea wote, status, reels, kila kitu, alafu unaipeleka kwenye nafasi ya iPhone ndefu hizi zisizo na kitufe cha chini. Inagoma. Kwa simu hizo kipimo ni 886 kwa 1920 ikiwa wima, au 1920 kwa 886 ikiwa imelala. Sio 884 wala 888. Ile 1080 kwa 1920 ni ya nafasi ya inchi 5.5, zile simu za zamani zenye kitufe. iPad ni 1200 kwa 1600 au uigeuze, na ya Mac inakubali 1920 kwa 1080 ya kulala tu.

Watu wengi wanashangaa hiyo 886 imetoka wapi, wanadhani ni makosa ya uchapaji. Chukua iPhone yenye skrini ya 1290 kwa 2796, ipunguze mpaka kimo kiwe 1920, upana unakuja 886. Ni umbo lile lile la skrini limepunguzwa tu. Ukilielewa hilo utaelewa na kwa nini video iliyorekodiwa kwenye simu fupi ukiilazimisha kuingia humo watu wanakuwa wembamba kama mihogo ya kiangazi, au inakuja na mikanda myeusi. Dawa yake ni kurekodi kwenye kifaa chenye umbo linalofanana na nafasi unayoijaza. Kuvuta vuta picha sio dawa.

Shida inayofuata ni kwamba programu nyingi za kuhariri kwenye simu hazikupi nafasi ya kuandika 886 mwenyewe. Kwenye kompyuta DaVinci Resolve ya bure inakubali kuandika kipimo chochote, HandBrake nayo inakubali. Na kama huna kompyuta kabisa usikate tamaa, weka Termux, aplikesheni ya kuandikia amri, kwenye Android yako, andika `pkg install ffmpeg` upate ffmpeg, programu ya bure ya kugeuza video, na amri zote za ffmpeg nitakazoandika hapa zitakubali kwenye simu. Nimeona kijana wa Newala kamaliza kazi nzima kwenye simu ya kawaida kabisa akiwa hana laptopu, na video yake ikapita.

Wanasema sauti ina hitilafu au haisomeki

Hapa nakaa kidogo kwa sababu hii ndo inayopoteza watu kuliko zote, ujumbe wake unadanganya. Unaambiwa sauti haikubaliki au imeharibika, wewe unasikiliza unasikia iko vizuri, au video yako haina sauti kabisa ukasema sauti gani tena imeharibika wakati hata sijaweka.

Chanzo cha kwanza ni hicho hicho, haina sauti. Ukirekodi skrini bila maiki, au ukirekodi simyuleta (ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta), au ukizima sauti wakati wa kutoa video, faili linaweza kutoka bila njia ya sauti kabisa. Kwetu sisi "kimya" na "hakuna sauti" ni kitu kimoja, kwa duka ni vitu viwili. Faili likifika bila njia ya sauti linaweza kurudishwa na ujumbe huo huo wa sauti mbovu. Dawa ni kuiwekea njia ya sauti ambayo ndani yake ni kimya. Amri hii inafanya hilo, na papo hapo inarekebisha vipimo, fremu na kodeki (ghafi.mov ni jina la video yako, tayari.mp4 ni ile itakayotoka):

`ffmpeg -i ghafi.mov -f lavfi -i anullsrc=channel_layout=stereo:sample_rate=44100 -map 0:v -map 1:a -vf "scale=886:1920,setsar=1,fps=30" -c:v libx264 -profile:v high -level 4.0 -pix_fmt yuv420p -b:v 11M -maxrate 12M -bufsize 24M -c:a aac -b:a 256k -shortest -movflags +faststart tayari.mp4`

Hiyo `-shortest` usiisahau, ule ukimya unaotengenezwa hapo hauna mwisho, usipoiweka ffmpeg itaendelea kuandika kimya mpaka simu ijae.

Chanzo cha pili ni sauti ya mono, yaani ya chaneli moja. Hii ilinipata mimi mwenyewe. Tulikuwa na aplikesheni ya wauza samaki, tukamwomba mama mmoja wa Mikindani atusomee maelezo, sauti yake nzuri mno, ile lafudhi ya kwetu ambayo mteja wa huku akiisikia anajua hawa ni wetu. Tukamrekodi kwa simu, ndani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya upepo wa baharini. Video ikarudi mara mbili. Nilipofungua MediaInfo nikakuta chaneli 1. Rekoda nyingi za simu zinarekodi mono, na Apple wanataka stirio. Hatukuhitaji kumsumbua mama arudie, tulifanya hivi, mama.wav ikiwa ni sauti yake:

`ffmpeg -i ghafi.mov -i mama.wav -map 0:v -map 1:a -vf "scale=886:1920,setsar=1,fps=30" -c:v libx264 -profile:v high -level 4.0 -pix_fmt yuv420p -b:v 11M -maxrate 12M -bufsize 24M -c:a aac -b:a 256k -ac 2 -ar 44100 -t 29 -movflags +faststart tayari.mp4`

Ile `-ac 2` ndo inayoigeuza kuwa chaneli mbili. Masikio hayasikii tofauti yoyote ila duka linaiona. Na hiyo `-t 29` nitaieleza sasa hivi.

Chanzo cha tatu, sauti imetoka kwenye MP3 au kodeki nyingine ikawekwa ndani ya mp4. Inacheza kila mahali ila sio AAC. Amri hii ya pili inaitibu, ila pale pa mama.wav andika tena jina la video yenyewe, maana ile ya kwanza ingekufutia sauti.

Urefu umezidi wakati wewe umekata sekunde 30 kamili

Umekata 30, MediaInfo inasema 30.06. Hizo sehemu ndogo zinatosha kukurudisha. Mara nyingi ni wimbo umezidi picha kidogo mwishoni, au CapCut imeongeza kile kipande chake cha mwisho chenye jina lake na wewe hukukiona kwa sababu kiko mbali kulia kwenye mstari wa kuhariri. Kifute. Alafu kata kwenye 29 au hata 28, ndo kazi ya ile `-t 29` kwenye amri, hakuna zawadi ya kufika 30 kamili. Upande wa chini nao upo, video ya sekunde 14 haipiti, na sio dawa kuirefusha kwa kusimamisha picha ya mwisho sekunde tano, mtazamaji anaona umeishiwa.

Fremu zimezidi

Kurekodi skrini kwenye iPhone kunaweza kukupa fremu mpaka 60 kwa sekunde, na tena haziendi sawa, skrini ikitulia zinapungua, ukiskroli zinapanda. Kwenye MediaInfo utaona imeandika kwamba kiwango kinabadilika. Apple mwisho wao ni 30. Kuna sababu ya kihesabu pia, leveli 4.0 ya H.264 ina kikomo cha kazi kwa sekunde na picha ya 886 kwa 1920 kwenye fremu 60 inavuka hicho kikomo, kwa hiyo hata ukiweka leveli 4.0 kwa jina tu haitakuwa kweli. Ile `fps=30` kwenye amri inamaliza yote mawili, inapunguza na inanyoosha. HandBrake chagua 30 na uweke alama kwenye fremu zisizobadilika, maana kama hukubadilisha inaweza kuziacha zinapanda na kushuka.

Dalili ndogo ya hii ni sauti kuachana na picha, mama anasema "bonyeza hapa" kidole kilishabonyeza zamani. Ukiona hivyo kabla hata hujapandisha, jua fremu haziendi sawa.

Faili lina mwisho wa .mp4 na bado halikubaliki

Jina la mwisho ni gunia tu, kilichomo ndani ndo korosho. iPhone za sasa na simyuleta ya Xcode zinapenda kutoa HEVC, yaani H.265, ndani ya faili lile lile la .mov au .mp4. Apple kwenye video hizi wanataka H.264. Na kubadilisha jina kutoka .mov kwenda .mp4 hakubadilishi kilichomo, kuna watu wanafanya hivyo wakidhani wamegeuza. Anayerekodi kwa simyuleta ataje kabisa mwanzoni:

`xcrun simctl io booted recordVideo --codec=h264 ghafi.mov`

Faili limezidi MB 500

Piga hesabu, sekunde 30 kwa megabiti 12 ni megabiti 360, gawa kwa 8 unapata kama MB 45. Kwa hiyo ukiwa na H.264 hata ufanyeje haufiki 500. Anayefika huko katoa ProRes, ambayo inaenda karibu megabiti 220 kwa sekunde, kwa kasi hiyo sekunde 18 tu zinajaza MB 500. Mimi kwa huku kwetu simshauri mtu ProRes, kupandisha MB 500 kwa bando la simu ni mateso na ubora utakaoonekana kwenye skrini ya mteja hautofautiani kiasi cha kustahili gharama hiyo.

Imekubalika ila picha ina ukungu, maandishi hayasomeki

Uliza swali moja tu, hii video ilipita WhatsApp? Karibu kila mara jibu ni ndio. Mwenye iPhone yupo Lindi mjini, mhariri yupo Mtwara, wakatumiana kama video ya kawaida, na WhatsApp ikaibana. Pikseli zimepungua, bitireti imeshuka, yale maandishi madogo ya bei kwa kilo yameshayeyuka. Ukija kuikuza mpaka 886 kwa 1920 na kuiwekea megabiti 11 unakuza ukungu, kilichopotea hakirudi. MediaInfo inakuonyesha, utakuta upana mdogo na bitireti ya chini sana kwenye faili ulilopewa.

Tumeni kama dokyumenti, sio kama video. Kwenye kile kipini cha kuambatanisha chagua dokyumenti alafu tafuta faili, litafika kama lilivyo. Au Google Drive. Au kama mnakutana, waya au flashi, ile safari ya Lindi Mtwara kuna watu wanaenda kila siku. Na faili ghafi la kwanza kabisa mtu asilifute mpaka video ipite, nimeona kazi ya wiki nzima ikarudiwa kwa sababu mwenye simu alifuta kupata nafasi.

Video imelala ubavu

Inatokea kwa magemu. Simu ilikuwa imelazwa wakati wa kurekodi ila faili limehifadhiwa wima pamoja na alama ya kuigeuza, wachezaji wengine wanaisoma hiyo alama na wengine hawaisomi. Ukiipitisha kwenye ffmpeg inageuza picha yenyewe na alama inaondoka, ila hapo andika `scale=1920:886`.

Imekwama kwenye uchakataji

Hii sio ugonjwa mpaka ipite siku moja. Apple wanasema inaweza kuchukua mpaka masaa 24. Usifute na kupandisha upya kila nusu saa, unajirudisha mwanzo wa foleni na unalipia bando mara ya pili. Hakikisha tu kwamba upandishaji wenyewe ulifika mwisho, umeme ukikatika na ruta ikazima katikati kuna wakati ukurasa unabaki unazunguka tu bila kusema kitu. Burudisha ukurasa, kama video haionekani kabisa basi haikufika. Ikipita masaa 24 na bado, hapo ndo uitengeneze upya kutoka kwenye faili ghafi.

Picha ya jalada mbaya

Apple wanachukua picha ya kwenye sekunde ya 5 kuwa jalada wasipoambiwa vingine. Kama sekunde ya 5 yako ni skrini nyeupe ya kusubiri intaneti, hiyo ndo itakayoonekana. Inabadilishwa pale pale App Store Connect, ule ukurasa wa Apple unaopandishia aplikesheni, chagua fremu yenye kitu cha maana.

Vipimo vyote viko sawa ila mkaguzi kaikataa

Sasa hapa sio faili tena, ni kilichomo. Kanuni ya Apple inataka picha zilizorekodiwa ndani ya aplikesheni yenyewe. Sauti ya maelezo na maandishi ya juu unaruhusiwa. Kwa hiyo ule mwanzo mzuri wa mkulima anatoka shambani Tandahimba anatoa simu mfukoni, mkono unabonyeza, hata kama umepigwa vizuri kiasi gani utoe, uweke kwenye kurasa zako za mitandao huko utafanya kazi yake. Usirekodi kwenye Android ukapeleka App Store, vile vitufe vya chini na alama za juu zinakuumbua, na kutaja jukwaa lingine la simu ni kosa lake peke yake. Kama kipengele unachoonyesha kinalipiwa, sema kwenye video. Bei usiandike. Na yaliyomo yafae hata mtoto wa miaka 4, hata kama aplikesheni yenyewe ni ya watu wazima.

Kuna moja naomba mnisikilize kwa makini, maana inahusu watu wetu. Nimeletewa video ya aplikesheni ya chama cha msingi ambayo skrini inaonyesha majina matatu ya wakulima, kilo zao, namba zao za simu na malipo yao. Za kweli. Kijana alirekodi kwa data aliyokuwa anajaribia. Kanuni za Apple zinakataza, zinataka taarifa za kubuni badala ya za mtu halisi, lakini hata zisingekataza, ukishaweka hewani kwamba mzee fulani wa kijiji fulani kapokea milioni kadhaa wiki ya mnada umemwitia wezi mlangoni. Jaza majina ya kubuni, namba zisizo za mtu, kilo za kubuni. Na kabla ya kurekodi washa hali ya usisumbuliwe, ujumbe wa kupokea pesa ukishuka juu ya skrini katikati ya kurekodi nao unabaki kwenye video.

Google Play: linki haikubaliwi

Hakikisha ni linki ndefu kamili ya video moja. Ile fupi inayotoka ukibonyeza kushea usiitumie, linki ya chaneli hapana, ya orodha ya video hapana, na yenye dakika ya kuanzia mwishoni kata ule mkia. Fungua YouTube kwenye kivinjari, nakili ya juu kule kwenye anuani, ibakie mpaka mwisho wa zile herufi za utambulisho wa video basi.

Google Play: linki imekubaliwa ila video haionekani

Angalia hali yake YouTube. Iwe ya wazi au ile isiyoorodheshwa, ikiwa ya faragha mtu mwingine hawezi kuiona. Isiwe na kizuizi cha umri, na iruhusiwe kuchezwa nje ya YouTube. Alafu angalia kama umeweka ile picha pana ya jalada ya 1024 kwa 500, JPEG au PNG isiyo na uwazi, maana hiyo ndo inayobeba kitufe cha kuchezea video. Na kitufe kinakaa katikati, kwa hiyo jina la aplikesheni usiliweke hapo hapo katikati likafunikwa.

Google Play: inaanza na tangazo la mtu mwingine

Google wanataka video hiyo matangazo yazimwe. Wewe utasema mbona mimi hata sijawahi kuwasha matangazo. Chanzo ni wimbo. Umeweka singeli au bongo fleva chini yake, YouTube imeutambua kuwa una mwenye haki, na madai yake yanaweza kumruhusu aweke matangazo kwenye video yako wewe bila kukuuliza. Ingia YouTube Studio uangalie kama kuna dai la hakimiliki. Toa wimbo, weka kutoka maktaba ya sauti ya YouTube, au mtafute kijana mpiga ngoma wa kwenu akupigie dakika moja mkaandikishane ruhusa. Mimi napenda hili la mwisho, na hiyo sauti utaitumia App Store pia bila wasiwasi kwa sababu haki ya muziki nako wanaitaka.

Google Play: inacheza ila watu hawaelewi inahusu nini

Ikijicheza yenyewe inaonyesha mpaka sekunde 30 za mwanzo, na bila sauti. App Store nako inaanza bila sauti. Kwa hiyo yule mama wa Mikindani wengi hawatamsikia mpaka wabonyeze, na hatukumtoa, tulichofanya ni kuandika maneno yake makubwa juu ya skrini kwa Kiswahili, maneno matatu manne kwa kila tendo, "Ona bei ya leo", "Andika kilo", yakae angalau sekunde mbili. Nembo inayozunguka sekunde sita mwanzoni itoe, anza na skrini ambayo mkulima ataitumia kila siku. Irekodi ya kulala kama aplikesheni inaruhusu, Google wanaipendelea hiyo kuliko ya wima. Na kwenye Play Console, pale Google unapopandishia aplikesheni, kuna ukurasa wa duka wa Kiswahili unaojitegemea, unaweza kuuwekea linki yake ya video tofauti na ya Kiingereza, wengi wanaweka ya Kiingereza pande zote wakati ya Kiswahili ipo tayari kwenye simu. Hii ya Google ukikosea unaibadilisha wakati wowote bila kutuma toleo jipya.

Kama umepitia yote haya na bado inagoma, piga picha ya skrini ya MediaInfo yote, pamoja na ujumbe wa duka kama ulivyo neno kwa neno, ndo umtumie anayekusaidia. Video yenyewe usimtumie kwanza.